Vyumba Vinane, Choo Kimoja

Gari lilimpotea Sindano saa sita na dakika kumi na mbili mchana, jua la utosi, watu wazima na akili zao wakiwa kivulini wanakula.

HiAce nyeupe. Vioo vyeusi. Namba imepakwa tope, na mvua haijanyesha wiki ya tatu sasa.

Alikuwa ameifukuza dakika tisa juu ya Yamaha isiyo yake. Taa ya kwanza aliivuka ikiwa nyekundu. Ya pili hakuiona kabisa. Kwenye mzunguko, lori la mikate likajitupa katikati ya barabara na dereva wake akasimama kumsalimia mtu anayemjua. Akamsalimia vizuri. Akauliza watoto, akauliza na mguu wa mama mkwe kama umepona.

Lori lilipoondoka, HiAce ilikuwa imeyeyuka.

Ndani ya HiAce alikuwamo dada yake.

Sindano alisimama pale pale, miguu chini, injini inaunguruma, akageuza shingo njia tano zote. Njia tano, magari mia, na nusu ya magari ni meupe. Akalipiga ngumi tangi la pikipiki. Tangi halikusikia kitu. Aliyeumia ni yeye.

Walimwita Sindano kwa kuwa alikuwa mwembamba, akigeuka ubavu mwenzake anauliza ameenda wapi. Tena akiingia mahali, wenyeji hujua baadaye, pakianza kuuma. Miaka saba ndani ya Idara ya ujasusi. Aliwahi kulala siku mbili kwenye kontena la magunia kuwasubiri wauza bunduki, akatoka anapiga chafya na pingu sita zimejaa. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale aliyekuwa amemteka dada aliyemlea Sindano tangu ana miaka sita.

Dada yake alikuwa mhandisi wa mtambo wa maji wa jiji zima. Kichwani mwake alitunza namba sita. Ziingizwe zote kwenye kompyuta ya mtambo, na matangi ya klorini yangefunguka kwa mpigo mmoja. Kabla ya jioni jiji zima lingekuwa limekunywa sumu kwenye glasi safi. Namba hizo hazikuandikwa popote. Alizihifadhi pamoja na siku za kuzaliwa za ukoo mzima, ambazo Sindano hakuwahi kukumbuka hata moja.

Waliomteka Idara iliwaita Wageni, maana walitoka nje ya mipaka na hawakuwa na tabia ya kupiga hodi. Kabla yake walishachukua wahandisi wawili mahali pengine. Hakuna aliyerudi.

Redio ikakwaruza sikioni.

"Sindano, uko wapi?" Alikuwa Mkuu wa Idara, sauti kavu kama biskuti.

"Barabarani."

"Rudi kituoni. Kuanzia sasa hii kazi si yako."

"Ni dada yangu, Mkuu."

"Ndiyo maana si yako."

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ilisema jasusi hafuatilii ndugu yake, kwa sababu mkono wenye uchungu hutetemeka. Sindano akautazama mkono wake.

Akaizima redio.

Kilichobaki kilikuwa simu moja. Pale mlangoni kwa dada yake, wakati Wageni wanamsukumia ndani ya gari, mmoja wao alichelewa na Sindano akamfikia kwa teke la mgongo. Jamaa aliacha simu, akaondoka na miguu. Samsung iliyopasuka kioo, bado inawaka. Sindano alikuwa akiigusa kila baada ya muda isije ikajifunga, kama mtu anayemtikisa mgonjwa asisinzie.

Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa mmoja tu, wa mtandao wa kuuza nyumba.

TANGAZO HILI LIMEONDOLEWA.

Juu yake kilibaki kichwa cha habari peke yake: Nyumba inauzwa. Vyumba vinane, choo kimoja. Mwenye nyumba anasafiri.

Hakuna picha. Hakuna mtaa. Namba ya muuzaji aliipiga, ikamjibu kwamba haipo.

Mtu mwingine angechanganyikiwa. Sindano naye alichanganyikiwa, ila alimjua mtu mmoja.

Ndani ya Idara, chini kabisa kwenye masjala, alikaa mama mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Waliomzidi cheo walimwita Bibi Miwani, na waliokuwa chini yake walimwita hivyo hivyo. Alipanga vyumba viwili na hakuwa na mpango wa kununua cha tatu, lakini alikuwa na ugonjwa: kutazama nyumba za watu zinazouzwa mtandaoni. Chai ya saa nne, nyumba. Chakula cha mchana, nyumba. Na kila asubuhi alituma picha moja kwenye kundi la wafanyakazi ili nao wapate kucheka. Ngazi inayopanda vizuri mpaka ukutani na kuishia hapo. Soketi ya umeme katikati ya dari, labda ya popo kuchaji simu. Jiko lenye dirisha kubwa linalotazama bafuni, mpishi asipitwe na jambo. Watu wote walikuwa wamelinyamazisha lile kundi.

Sindano alikuwa wa kwanza. Sasa akatoa simu yake, akampigia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo nimefufuka? Mwaka mzima hujafungua hata picha moja, nakuona."

"Bibi, wamemchukua dada."

Utani ukakatika kama umeme. Alisikia kiti kikivutwa.

"Sema, mwanangu."

Akamsomea kichwa cha tangazo. Bibi Miwani hakumruhusu afike mwisho. Alisema nyumba hiyo aliituma kwenye kundi juzi asubuhi, akaandika na maneno ya kuchekesha chini yake, hakuna aliyecheka. Picha zote tano alizitunza. Nyumba yenyewe paa la kijani, ndogo kama kiberiti. Hivyo vyumba vinane vingekaa wapi, labda kimoja juu ya kingine kama sahani.

"Hakuna muuzaji anayedanganya kiasi hicho," alisema. "Wanadanganya chumba kimoja, viwili. Nane ni kitu kingine."

Kisha wakasema pamoja.

"Saa nane."

Na mwenye nyumba anasafiri. Tangazo halikuwa la kuuza nyumba. Lilikuwa agizo, limewekwa wazi katikati ya maelfu ya matangazo, mahali ambapo hakuna polisi anayesoma. Likiwekwa, dereva anajua pa kwenda na saa ya kuondoka. Likiondolewa, mzigo umeingia garini.

Saa nane wangeondoka naye kwenda kumvusha mpaka.

Saa ya Casio mkononi mwake ilisema saa sita na nusu.

"Bibi, mtaa gani?"

"Tangu lini tangazo la nyumba likataja mtaa? Ukiujua mtaa utamruka dalali, umalizane na mwenye nyumba. Nipe muda."

Muda ndio kitu pekee ambacho hakuwa nacho, lakini akampa.

Nusu saa iliyofuata Sindano hakuwahi kuisimulia kwa mtu. Aliendesha mtaa kwa mtaa akitafuta paa la kijani, na hujui jiji lina mapaa ya kijani mangapi mpaka siku unalitafuta moja. Alichungulia mageti. Alipanda juu ya ukuta wa shule ya chekechea. Mzee mmoja aliyekuwa anamwagilia maua akamuuliza amepoteza nini, naye akageuza pikipiki. Akaondoka. Kwenye kona akalazimika kusimama, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa na barabara haionekani.

Saa saba na dakika tano, simu.

"Nimempata pacha wa ile nyumba," alisema Bibi Miwani.

Alikuwa amepekua mitandao yote mingine, maana alijua tabia moja ya madalali: huibiana picha. Nyumba moja inaweza kuuzwa na watu saba, na sita kati yao hawajawahi kuiona. Lakini huyu dalali aliyempata hakuwa mwizi wa picha. Paa lile lile la kijani, ukuta ule ule wa mawe, ila picha ni za zamani, kabla ya rangi mpya. Na yeye aliandika vyumba vinne.

"Sasa sikiliza. Kwake yeye, ubavuni kuna madirisha manne, na ndani kuna vyumba vinne. Kwa Wageni, nje madirisha ni yale yale manne. Ndani wamepiga picha vyumba vitatu tu. Nimehesabu mara sita, mwanangu. Ile nyumba imemeza chumba."

Sindano alikuwa ameshawasha pikipiki.

Bibi Miwani alikuwa ameshampigia dalali mwenyewe, akijifanya mama mwenye haraka ambaye kijana wake anataka kuiona nyumba sasa hivi. Dalali alifurahi mpaka sauti ikapanda. Mtaa hakuutaja. Alisema wakutane kituo cha mafuta, dakika kumi.

Dalali alikuwa mtu mfupi ndani ya koti refu, na kiunoni alining'iniza funguo kama thelathini, akitembea unadhani ni farasi wa sherehe. Alipanda nyuma ya Yamaha bila kuulizwa, akaanza kuuza kabla pikipiki haijaondoka. Nyumba yake ile, alisema, hewa safi, majirani watulivu. Yake kwa maana gani, Sindano akauliza. Kwa maana ya moyo, Dalali akajibu.

Hadithi yake ilitoka vipande vipande, kwa kupigiana kelele na upepo. Miezi mitatu iliyopita aliiuza kwa bwana mmoja wa nje, mstaarabu, anavaa glavu nyeupe hata akishika kalamu. Wakaagana kwa heri. Juzi anafungua mtandao, anaikuta nyumba yake inauzwa tena, na yeye hakuambiwa. Amerukwa. Usiku huo hakula. Akatoa picha zake za zamani, akaiweka nyumba hewani kwa namba yake, bila idhini ya mtu.

"Mimi siwezi kurukwa kwenye nyumba yangu, bosi," alisema.

Wageni walikuwa wamefikiria kamera, vioo vyeusi, namba za tope. Wivu wa dalali hawakuufikiria.

Njia Dalali alimwonyesha kwa vidole. Akimgusa bega la kushoto, kushoto. La kulia, kulia. Mitaa hakuitaja hata mmoja. Kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia. Walipita kwa fundi viatu. Walipita duka la dawa lenye mlango wa bluu. Walipita karakana ya milango ya vyuma.

Wakapita duka la dawa lenye mlango wa bluu.

Sindano akafunga breki mpaka Dalali akambusu kisogo.

"Hapa tumepita."

"Yanafanana, bosi."

"Hata yule mama mwenye mtoto pale barazani anafanana?"

Dalali akakohoa. Akaeleza kwa aibu kidogo kwamba ndivyo kazi ilivyo: mteja huzungushwa mpaka njia imchanganye, asije akarudi kesho peke yake kwa mwenye nyumba. Si ubaya. Hata baba yake alikuwa akiwazungusha hivyo, tena kwa miguu.

Casio ilisema saa saba na dakika thelathini na nane.

Mkono wa Sindano ulikwenda kwenye Glock ndani ya koti, ukaigusa, ukarudi. Bastola ingemfanya Dalali apige kelele, na kelele zingefika mahali zisipotakiwa. Basi akamgeukia, akamwambia ukweli, polepole, mara moja tu.

"Mimi sinunui nyumba. Ndani ya ile nyumba yuko dada yangu. Saa nane wanaondoka naye, na sitamwona tena."

Dalali akamtazama. Alikuwa mtu aliyesikia uongo wa kila aina kila siku ya kazi, na mwingine aliutunga yeye. Huu haukuwa uongo. Koti likamshuka mabegani.

"Nyumba yenyewe iko nyuma ya hili duka la dawa," alisema. "Tumeizunguka mara mbili."

Sindano alimpigia Bibi Miwani, akamtajia duka la dawa, akamwambia amfikishie Mkuu. Jibu likarudi upesi: vikosi vilikuwa barabara ya kwenda mpakani, upande mwingine wa jiji. Dakika ishirini na tano.

Alikuwa na ishirini.

Kutoka kona ya ukuta alichungulia mbele. HiAce nyeupe uani, injini inawaka, dereva ndani. Mlinzi mmoja barazani na bunduki fupi chini ya gazeti, gazeti lenyewe limeshikwa juu chini. Kamera mbili juu ya mlango wa mbele, kitasa kipya kinang'aa.

"Mlango wa nyuma?"

"Wa jikoni upo," Dalali alinong'ona, akazishika funguo zake. "Ufunguo sijarudisha. Hakuna aliyeuomba."

Wakapita uchochoro wa nyuma. Sindano akatoa kipima urefu cha Bosch, kile cha mwanga mwekundu anachotumia kutafuta sakafu za uongo kwenye makontena. Akakiegemeza kwenye kona ya nyumba, akaulenga mwanga kwenye ubao mbovu uliosimama kona ya pili.

Mita kumi na tatu.

Mlango wa jikoni. Dalali akajaribu ufunguo wa kwanza. Haukuingia. Wa pili ukaingia ukakataa kuzunguka. Hakuna uliokuwa na alama. Alidai anazijua kwa sura. Wa tatu. Wa nne. Jasho likamdondokea kwenye kitasa. Wa tano ulilia kwa sauti nyembamba na wote wawili wakaacha kupumua. Barazani, gazeti likageuzwa ukurasa.

Wa saba ukazunguka.

Ndani, jiko halina mtu. "Jiko lina nafasi," mdomo wa Dalali ukasema wenyewe, na Sindano akamkalisha sakafuni kwa kidole kimoja.

Kwenye ukumbi mwembamba, milango mitatu ya vyumba. Akasukuma cha kwanza, Glock mbele. Tupu. Cha pili, tupu. Cha tatu kilikuwa na kitanda bila godoro, na juu ya kitanda pochi ya dada yake. Akaisogelea kana kwamba itamuuma. Ndani mlikuwa na kitana, peremende, miwani ya kusomea.

Dada mwenyewe hayupo.

Saa saba na dakika hamsini na moja, nyumba tupu, kimya mpaka unasikia friji. Wazo likamjia kwamba wameshamtoa, kwamba HiAce ile ni chambo, kwamba alikuwa anazungushwa mbele ya duka la dawa wakati dada yake anavushwa. Akaegemea ukuta. Kwa sekunde chache jasusi wa miaka saba hakuwepo pale. Alikuwepo mdogo wa mtu tu.

Kisha akakiona kipima urefu mkononi mwake, akakumbuka maneno ya Bibi Miwani: nyumba imemeza chumba.

Ukumbi ulikuwa mita tisa na kitu.

Nje kumi na tatu. Ndani tisa. Karibu mita nne zilikuwa zimekwenda mahali.

Mwisho wa ukumbi, upande wa kulia, kulikuwa na mlango wa bafu. Komeo lake lilikuwa nje. Nyumba gani inamfungia mtu bafuni kwa nje? Akalivuta taratibu, akaingia.

Choo kimoja, kama tangazo lilivyoahidi. Beseni la kunawia. Na hodhi kubwa la kuogea, jeupe, limesukumwa mpaka ukutani. Akalitazama. Akalitazama tena. Juu yake hapakuwa na bomba. Akainama. Chini yake hapakuwa na tundu la kutolea maji. Hodhi kavu, halijaonja maji tangu lizaliwe, na kwenye vigae mbele yake kulikuwa na michirizi miwili myeusi, ya magurudumu.

Akalishika kwa mikono yote miwili, akalivuta. Likaja laini kama droo.

Nyuma yake ukutani palikuwa na shimo la kimo cha goti. Mwanga. Na sauti ya mwanamume, ya upole, Kiswahili kilichonyooshwa pasi darasani.

"Imebaki moja tu, mama. Namba ya sita. Kisha utapumzika."

Hakukuwa na namna nyingine ya kuingia zaidi ya kwa magoti, kichwa mbele, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Kwa mtu mnene ingekuwa mwisho wa habari. Sindano akatanguliza Glock, akapenya mpaka mabegani.

Dada yake alikuwa amefungwa kwenye kiti, nywele zimemwagika usoni, mdomo umepasuka. Nyuma yake alisimama bwana wa glavu nyeupe. Mkono mmoja ulishika kompyuta kibao. Mwingine ulishika Beretta, na mdomo wa Beretta ulikuwa umegusa kisogo cha dada yake kabla Sindano hajamaliza kupepesa.

"Itupe," bwana alisema. Hakupandisha hata sauti.

Dada akainua uso. Aliona kichwa cha mdogo wake kikiwa kimechomoza ukutani kama picha, na akatikisa kichwa chake mwenyewe, kidogo sana. Usitupe.

Sindano alipiga hesabu kwa kasi. Hapati nafasi ya kumlenga bwana bila kupitia shingo ya dada. Hawezi kurudi nyuma. Hawezi kwenda mbele.

Akaiachia Glock sakafuni.

"Isukume."

Akaisukuma, lakini si mbali. Bwana akaiondoa Beretta kwenye kisogo, taratibu, akaielekeza kwenye shimo.

Simu ikalia.

Ililia mfukoni mwa bwana, kwa mlio mkubwa wa ngoma ambao hakuna mtu angemdhania mstaarabu yule kuwa nao. Jikoni, upande wa pili wa nyumba, Dalali alikuwa amekaa sakafuni na namba ya mteja wake wa zamani mkononi, na mpaka leo hajasema kama alipiga kumsaidia Sindano au kudai haki yake kwa kule kurukwa.

Macho ya bwana yalishuka. Nusu sekunde.

Dada akajitupa ubavu na kiti chake.

Sindano akaivuta Glock kwa ncha za vidole, akafyatua akiwa amelala. Risasi ikaingia bega la kulia, Beretta ikaruka, glavu nyeupe ikawa na rangi nyingine. Bwana akaketi chini kwa adabu zake zote, mgongo ukutani, akimtazama Sindano kwa mshangao, kana kwamba ameingia bila kubisha hodi.

Buti zikalia ukumbini.

Mlinzi aliingia bafuni akikimbia, akaona hodhi limesogezwa, akainama kuchungulia shimoni. Sindano alikuwa ameshapenya, anamngoja upande wa pili. Akamkamata ukosi, akamvuta kwa nguvu zote alizobakiza, na kichwa cha mlinzi kikakutana na ukingo wa shimo mara mbili. Bunduki ikamponyoka. Akalala nusu huku, nusu kule.

Uani, HiAce ikalia gia, ikaruka kuelekea getini.

Kisha vyuma vikagongana, vioo vikamwagika, na watu wengi wakaanza kuamrisha kwa pamoja. Sauti moja kati yao ilikuwa kavu kama biskuti.

Casio: saa nane kasoro dakika mbili.

Mkuu alikuwa amefika na gari moja tu, si kikosi, na sasa gari hilo lilikuwa limekwama tumboni mwa HiAce. Baadaye alieleza, bila kumtazama mtu usoni, kwamba Sindano alizima redio lakini simu hakuizima, nayo ikawa inaonyesha alipo, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa kwenye barabara ya mpakani. Alikuwa akimfuata tangu saa sita na nusu. Duka la dawa alilipita mara mbili, akashindwa kuelewa.

Ndani ya chumba kilichomezwa, Sindano alikata kamba. Mikono ya dada yake ilikuwa imevimba. Aliisugua kati ya viganja vyake.

"Nimewapa tano," dada alisema.

"Dada..."

"Sikiliza. Tano nimezitoa mimi, kwa mdomo wangu. Na ya sita nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ungechelewa hivi tu." Akaonyesha kwa vidole viwili, katikati nafasi ndogo. "Jiji zima, mdogo wangu. Watoto wa watu. Na mimi nilikuwa naitoa."

Akalia. Hakuwahi kulia mbele yake, wala siku ya kumzika mama yao. Sindano akakaa sakafuni kando yake, bega kwa bega, mpaka kilio kikapungua.

"Tano si sita," alisema.

"Ni tano."

"Ndiyo. Si sita."

Watu wa Idara walipomvuta mlinzi shimoni, akamtoa dada kupitia shimo lile, miguu kwanza, akampitisha ukumbini, mpaka barazani kwenye mwanga. Daktari wa Idara akataka apelekwe hospitali. Dada akakataa, akajipangusa uso kwa kiganja na kusema anakwenda mtamboni kwanza, akabadili namba zote sita kwa mkono wake, ndipo watu wamshone mdomo wapendavyo. Aliongea kwa ile sauti ambayo Sindano aliijua tangu utoto, ya kutojibiwa.

Alipoteremka ngazi za baraza vioo vikalia chini yake. Wote wakatazama. Alikuwa peku. Viatu Wageni walimvua, hakuna aliyejua wamevitupa wapi, na unyayo mmoja ulikuwa unatoka damu.

Mkuu akamsogelea Sindano.

"Umevunja amri tatu," alisema. "Kesho asubuhi, silaha na kitambulisho juu ya meza yangu."

"Sawa, Mkuu."

"Na ukija, uje umelala usingizi wa kutosha."

"Sawa, Mkuu."

Sindano akamkalisha dada yake kwenye ngazi ya juu, akaufunga unyayo wake kwa leso.

"Unavaa namba ngapi siku hizi?"

"Arobaini. Na usiniletee zenye maua, naenda kazini."

Akaipachika Glock kiunoni, akakung'uta vumbi la ukuta mabegani. Akapita kati ya HiAce iliyokunjamana na watu wa Idara waliokuwa wanamtoa bwana wa glavu, hakuwatazama. Getini akasimama kupisha gari la wagonjwa.

Kisha akavuka barabara, mikono mfukoni, bila haraka, kwenda kutafuta ndala.